GS wetu na penati: kisa kizima mpaka tulivyofika kwenye ukingo wa sado

Naandika kisa hiki kwa urefu mana makocha wenzangu wawili watatu hapa Mwanza kila tukikutana wananiuliza jambo lile lile, mchezaji anafunga mazoezini mpaka unasikia raha, siku ya mechi anageuka mtu mwingine. Mi ninaye wa hivo. Jina simtaji, nitamuita GS (goal shooter, yani mfungaji) kwa namba anayocheza, ana miaka 20, mrefu, nje ya uwanja mpole mpaka unaweza kusahau kama yupo. Timu yetu ni ya mpira wa pete (netiboli), ya mtaa tu upande wa Kirumba, uwanja wa vumbi, na karibu na laini ya pembeni kuna jiwe limechomoza kichwa, tulilichimba likatushinda, si unajua Mwanza, jiwe halihami, unahama wewe.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe mana bila hapo kisa hakitaeleweka. Kwenye mpira wa pete wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA (goal attack), na lazima wawe ndani ya nusu duara ya goli, mita 4.9 kutoka kwenye nguzo. Pete iko juu mita 3.05 na haina ubao nyuma kama basketi, yani ukikosea hakuna kitu cha kukurudishia mpira ndani. Ukishika mpira una sekunde 3, zikiisha filimbi. Beki anatakiwa akae kama sentimeta 90 kutoka kwenye mguu wako, akisogea zaidi ya hapo ameinua mikono au akikugonga ni penati, na yule aliyekosea anakuja kusimama pembeni yako, mikono chini, haruhusiwi kufanya chochote mpaka mpira utoke mkononi mwako. Labda beki mwenzake awahi kuja kukuzuia, lakini kama hajawahi basi ni wewe na pete. Goli la bure kabisa.

Na hilo goli la bure ndo lilikuwa linamshinda GS wetu. Mpira ukija kwa kasi, amebanwa, GK wa watu, yani beki wa golini, kamning'inia mgongoni, anageuka anaurusha unaingia hata haugusi chuma. Penati sasa, kimya, kila mtu anamtazama, anakosa. Nikaanza kuandika kwenye daftari mana mashabiki wetu walishaanza maneno yao ya kwamba amelogwa na mimi nilitaka kujua kama ni kweli anakosa sana au ni macho yetu tu. Mechi nne, penati 14, akafunga 5. Kwenye mchezo wa kawaida mechi hizo hizo alikuwa anakosa moja kati ya nne hivi. Kwa hiyo si mkono. Mkono anao.

Nikaacha kuangalia mpira nikawa naangalia uso wake. Filimbi ikilia anaruka kuuchukua mpira haraka haraka kama mtu anayedaiwa, anasimama, anameza mate, jicho linaenda kwa yule beki wa pembeni ambaye hata haruhusiwi kumgusa, midomo inachezacheza, afu mpira unatoka. Na karibu kila akikosa, mpira ulikuwa unagonga mbele ya pete, mfupi. Mkono umekaza. Kitu kama hiki nimekuja kukiona hata kwa wapiga penati wa mpira wa miguu, Geir Jordet wa Norway na wenzake wamechunguza sana mikwaju ile ya kuamua mechi, na mwaka 2009 walitoa matokeo kwamba wanaokurupuka kupiga mara tu filimbi ikilia huwa wanakosa zaidi ya wanaojipa nafasi kidogo. Anayekurupuka hawahi goli bwana, anakimbia ile hali, anataka iishe.

Sa mi nilifanya nini. Nilifanya wanachofanya makocha wote, nikamuita pembeni nikamwambia tuliza akili mwanangu, usifikirie kitu chochote, usiwaze kukosa. Akaitika vizuri tu, "sawa mwalimu". Mechi iliyofuata akakosa penati tatu mfululizo.

Ukikaa ukalitafakari hilo neno langu utaona lilivyo la ajabu. Usiwaze kukosa. Ili kichwa kihakikishe hakiwazi kukosa lazima kikague, je nawaza kukosa? na kikishakagua tayari kimeshawaza. Kule Marekani mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe, na wakimuwaza wagonge kengele, basi kengele zikagongwa, na baadae waliporuhusiwa kumuwaza walimuwaza kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Dubu mweupe kwetu yuko mbali, we jaribu kukaa dakika moja bila kuwaza sato wa kuchoma uone. Akili haizimwi kama redio.

Kosa la pili pia langu. Nikaona kama haiwezekani asiwaze basi nimpe vya kuwaza, nikamtungia orodha nzima, miguu sawa, goti likunje, kiwiko ndani, vidole nyuma ya mpira, kiganja kimalizie. Mambo ya kweli yote, ndo nilivyofundishwa mi mwenyewe nilivyokuwa nacheza, ingawa nilikuwa GD, yani beki, na GD hafungi kwa hiyo sijui nilikuwa nafundishwa ili iweje. GS akawa anasimama kwenye penati anajikagua kuanzia vidole vya miguu, akifika kwenye kiwiko sekunde 3 zimeisha refa kapuliza. Mara nyingine anawahi kurusha lakini mrusho umekuwa vipande vipande, kama mtu anayeshuka ngazi huku anahesabu kila mguu. Sian Beilock na wenzake walionyesha hili mwaka 2002 kwa wachezaji wazoefu wa soka, walipoambiwa wafuatilie ni upande gani wa mguu unagusa mpira wakati wanakokota, wakawa wazito kuliko walivyo, wakati wanaojifunza ndo kwanza hawakuharibikiwa hivo, wao kufuatilia kuliwasaidia. Kitu ambacho mwili umeshakijua ukianza kukisimamia kipande kwa kipande unakiharibu. Hiyo orodha ningempa binti wa miaka 12 ingemfaa, GS nilimpa mzigo.

Hapo nilikuwa nimekwama kiukweli, na nikafanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya siku ya kwanza. Nikamuuliza. Tumekaa juu ya lile jiwe letu baada ya mazoezi, wenzie wameshaondoka, nikamwambia hebu niambie, ukishika mpira wa penati, kichwani unasikia nini, neno kwa neno. Akainama anachora chini na kijiti. Akasema, "Nisikuudhi mwalimu?" Nikamwambia niudhi. "Nasikia 'usikose'. Basi. 'Usikose, usikose.' Na ni sauti yako."

Daah.

Afu kweli bwana. Mi nikiwa pale pembeni kila penati nilikuwa napiga kelele "usikoseee!" na nilikuwa najiona namtia moyo. Miaka miwili nimempigia hiyo kelele. Nilikuwa natafuta mchawi wa huyu mtoto kumbe mchawi ameshika filimbi. Nikacheka nikamwambia pole mwanangu, akacheka na yeye, lakini usiku sikulala vizuri.

Sasa tunafika mwaloni, soko la samaki la kando ya ziwa. GS anafanya kazi pale Kirumba mwaloni kwa mama yake mdogo, wanauza dagaa. Wasiojua, dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwepo ndo kazi, mbalamwezi ikiwa kali taa haina maana, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, na timu yangu ndo huwa inafanya mazoezi ya maana siku hizo mana nusu ya wachezaji wana ndugu huko. Asubuhi moja nilienda kununua dagaa wangu wa nyumbani nikamkuta kwenye pilika, wateja wamemzunguka, huyu anataka sado mbili (sado ni lile kopo la kupimia), huyu anasema ameibiwa kipimo, mkokoteni unapita unapiga kelele "mguu huo! mguu huo!", mama mmoja anamkazia macho "ongeza we mtoto, unapima kama mchoyo". Na yeye anapima. Anachota na bakuli, anamimina kwenye sado, mkono unatikisa kidogo dagaa washuke, anamalizia taratibu, anasimamisha pale pale kwenye ukingo, hamwagi, hapunji, afu anatupia nyongeza kiganja kimoja. Mikono imelegea kabisa. Uso umetulia. Nilisimama pale mpaka nikasahau nimekuja kununua.

Nikamuuliza, hizi kelele zote huzisikii? "Nazisikia." Sa kichwani unajiambia nini? Akanishangaa kama nimeuliza swali la kijinga. "Sijiambii kitu mwalimu. Naangalia ukingo."

Nilinunua sado yangu nikaondoka nalirudia hilo neno njia nzima mpaka nyumbani. Kumbe akili tulivu anayo, tena sehemu yenye kelele kuliko uwanja wetu mara kumi. Hakuwahi kuitafuta, ilikuja kwa sababu jicho lina kazi. Mtafiti mmoja wa Kanada, Joan Vickers, alipima macho ya wachezaji wa basketi kwenye mitupo huru, mwaka 1996, akakuta wafungaji wazuri jicho lao linatua kwenye pete mapema na kukaa pale kwa utulivu kabla ya mrusho, wakati wabovu macho yanahangaika. Ndo macho ya GS yalivyokuwa yanafanya, beki, refa, mimi, pete, beki tena.

Mazoezi yaliyofuata nikamwambia pete ile ni sado. Usifunge. We angalia ukingo wa nyuma, ule wa mbali na wewe, na ukiuona sema "ukingo", polepole, afu urushe. Nilichagua wa nyuma kwa sababu mipira yake ilikuwa inaishia mbele. Akaniangalia kwa huruma, lakini akafanya. U-ki-ngo. Neno lenyewe linakaa vizuri mdomoni, silabi tatu, "u" anakunja goti, "ki" anainuka, "ngo" mpira unatoka, hiyo hatukuipanga, ilijipanga yenyewe siku ya pili ya mazoezi. Kuna timu ya watafiti wa Ugiriki, Antonis Hatzigeorgiadis na wenzake, mwaka 2011 walikusanya tafiti 32 za wanamichezo kujiongelesha wakaona inasaidia kweli, na kwenye kazi ya ufundi wa kulenga, neno la maelekezo linasaidia kuliko neno la kujipa moyo. Kwa hiyo "unaweza dada, unaweza" ni nzuri ukiwa unakimbia mbio au unanyanyua gunia, kwenye pete inakuacha na hewa tu mkononi.

Kukurupuka nako tukakutafutia dawa. Zile sekunde 3 hazianzi filimbi inapolia, zinaanza ukishakuwa na mpira na umesimama mahali pako, kwa hiyo kabla ya hapo una muda wa kutembea. Nikamkataza kukimbilia mpira. Filimbi, anatembea mpaka mahali pa kosa, anamsubiri yule beki aje asimame pembeni, anatoa pumzi moja ndefu, hapo ndo anapokea mpira. Wengine watakwambia ukichelewa unampa nafasi beki wa pili kuja kukuzuia, na ni kweli, mara nyingine anakuja. Nilikubali hasara hiyo. GS anarusha vizuri tu mkono ukiwa usoni, ilikuwa ile nafasi tupu ndo inamuua.

Lakini kuna sehemu ambayo sikuifikiria kabisa na ndo ilitaka kuharibu kila kitu. GS haruhusiwi kutoka nje ya theluthi yake ya uwanja. Akikosa, mpira unadakwa unaenda upande wa pili, yeye anabaki amesimama peke yake na yule GK, hana cha kufanya, dakika nzima wakati mwingine. Hapo kichwa ndo kinafungua baraza. Umekosa, umeona walivyokuangalia, mama mdogo yuko pale, na ile ya juzi nayo ulikosa. Na GK wa watu akiwa na mdomo basi anaongezea ya kwake. Hiyo penati inayofuata ilikuwa inakosekana humu, kwenye dakika ya kusubiri, kabla hata filimbi haijalia.

Tukakubaliana vitu viwili. Akikosa anaruhusiwa kujitukana mara moja, moja tu, mana nikimwambia asijitukane tumerudi kwa dubu. Baada ya hapo anaongea na yeye mwenyewe kama anaongea na mdogo wake, "haya mdogo wangu, rudi mchezoni". Ana mdogo wake wa darasa la tano ambaye anampenda sana, na hawezi kumwambia yule mtoto maneno anayojiambia mwenyewe, nilimuuliza, akasema haiwezekani. (Ethan Kross na wenzake walichapisha mwaka 2014 kwamba watu wanaojiongelesha kwa jina lao badala ya "mimi" wanahimili presha vizuri zaidi. Kwa jina tulijaribu, akawa anacheka tu, la mdogo wake likakubali.) Afu kwa muda uliobaki anautangaza mpira kimoyomoyo kama mtangazaji wa redio, upo kwa senta, upo kwa winga, umepotea, unarudi. Hana nafasi ya kikao kingine.

Na mimi je. Mimi nilitakiwa kufunga mdomo, na hiyo ndo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, mana mdomo wangu haufungwi kwa ahadi. Dawa yangu ilikuwa kifuko cha miwa ya kumenya. Kila penati yetu natia kipande mdomoni. Huwezi kupiga kelele "usikose" na muwa mdomoni, jaribu.

Tulifanya hivi wiki tano hivi, penati thelathini kila mazoezi, kwanza kimya, afu wenzie wakimpigia kelele za kila aina, wasichana wa Mwanza wanajua kuudhi jamani, mpaka ya kumtajia mchumba wake.

Mechi yenyewe ilikuwa nusu fainali ya ligi ya kata. Saa kumi jioni, upepo umeshaanza kutoka ziwani, na upepo ule ukiingia uwanja wetu unafuta laini zote za chokaa. GK wao mama mmoja mzoefu kuliko sisi sote, mwili umejaa, maneno yamejaa. Penati ya kwanza, dakika ya tatu au ya nne. GS akatembea, akasubiri, akatoa pumzi, midomo nikaiona inasema neno letu, mpira ukaenda ukazunguka juu ya chuma ukatoka. Yule mama akacheka kwa sauti, "hizo ndo za mazoezi hizo!"

Nilitafuna muwa mpaka taya likauma. GS akageuka akasema kitu kimoja kifupi, hicho sitakiandika. Afu nikaona midomo inachezacheza huku macho yanaufuata mpira kule mbali, senta, winga, senta. Penati ya pili ikaja robo ile ile, upande wa kushoto karibu na laini ya duara, mbali kabisa. Akatembea. Yule mama wa watu alikuja kusimama pembeni anaongea bila kupumua, na refa hamwambii kitu. U-ki-ngo. Ikaingia bila kugusa chuma, ile sauti ya nyavu tu.

Penati 9 alipata siku hiyo, akafunga 6. Mbili kati ya zile tatu ziligonga chuma cha nyuma, na mimi zile nilifurahi karibu sawa na magoli mana nilijua mkono haujakaza. Moja ilikuwa fupi kama zamani, robo ya nne, tumezidiwa magoli mawili, na nikamuuliza baadae ile vipi, akasema "ile nilisikia tena". Sauti yangu? "Eeh. Lakini ilikuwa kwa mbali." Tulifungwa kwa hayo hayo mawili. Kwenye daladala walikuwa wanaimba kama wameshinda, sijui kwa nini, labda kwa sababu mama mdogo wake GS alinunulia kila mtu soda.

Sa hivi kichwa kinaniuma kwa GA. Ameona mwenzie anafanikiwa na yeye akataka ukingo, nikamruhusu, akazidi kuharibu, mrusho ukawa unachelewa na mguu wa nyuma unanyanyuka. Kumbe kwake ukingo ni neno tu, hajawahi kupima dagaa maishani, yeye msusi, ana saluni ndogo Pasiansi. Nikaenda kukaa saluni kwake nusu siku namwangalia anavyogawa nywele kwa kitana cha mkia, nywele zangu zikasukwa bila mpango, nikamuuliza ukigawa hapo unaangalia nini. Akasema mstari. Tumejaribu "mstari" mazoezi mawili, inamfanya arushe chini chini. Juzi kaja na neno lake mwenyewe, "fundo", anasema ni pale unapoanzia msuko, unashika nywele kidogo tu na kila kinachofuata kinategemea hapo. Jumamosi mbalamwezi itakuwa kali, timu nzima ipo, tutalijaribu.